Kuchora Viungo vya Tovuti: Mafunzo ya Kibera na Kawangware

Kiungo cha ndani ni kile kinachomtoa msomaji kwenye ukurasa mmoja wa tovuti na kumfikisha kwenye ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo. Huwa kwenye menyu ya juu, kwenye mistari ya chini kabisa ya ukurasa, na katikati ya aya, pale maneno yanapotiwa rangi ya buluu ili yabofywe. Kiungo kimoja peke yake ni kitu kidogo. Vikijumlishwa vyote, ndivyo vinavyoamua ukurasa upi utasomwa na upi utasahaulika, kwa sababu msomaji na roboti ya injini ya utafutaji hupita njia ileile. Googlebot, roboti ya Google, hugundua kurasa mpya hasa kwa kufuata viungo kutoka kwenye kurasa inazozijua tayari. Ukurasa ambao hakuna ukurasa mwingine unaouelekea huitwa ukurasa yatima. Upo kwenye seva, una anwani yake, maandishi yake yamekamilika, lakini mtu hafiki hapo ila awe ametumiwa anwani yenyewe.

Msingi wa kupima uzito wa viungo uliwekwa mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walipochapisha hesabu waliyoiita PageRank. Wazo lao ni kwamba kila kiungo ni aina ya kura, na kura inayotoka kwenye ukurasa wenye kura nyingi ina nguvu kuliko inayotoka kwenye ukurasa usio nazo. Walimwazia mtu anayevinjari bila mpango wowote. Katika kila hatua, kwa uwezekano wa 0.85, hubofya kiungo kimojawapo cha ukurasa alipo. Kwa uwezekano uliobaki huchoka na kurukia ukurasa mwingine wowote. Ukurasa ambao mtu huyo angejikuta amefika mara nyingi ndio wenye cheo. Google ya leo hupima mambo mengi kuliko hayo, yakiwemo ubora wa maandishi, kasi ya ukurasa na viungo vinavyotoka tovuti nyingine. Hata hivyo sehemu moja ya hesabu hiyo ya zamani ingali inamfaa kila mwenye tovuti, nayo ni kwamba nguvu ya ukurasa hugawanywa baina ya viungo vyote vinavyotoka humo. Uji wa sufuria moja ukigawiwa watoto 5, kila mmoja hushiba. Ukigawiwa 50, kila mmoja huonja tu.

Mwenye tovuti haoni mgawanyo huo kwa kuitazama tovuti yake. Anachokiona ni ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na kwa kuwa anajua kila kitu kilipo, haimpitikii kwamba mwingine hajui. Orodha ya viungo katika jedwali nayo haisaidii sana, kwa sababu tovuti ya kurasa mia moja na kitu huweza kutoa maelfu ya mistari. Ndipo mchoro unapohitajika. Kila ukurasa huwekwa kama kitone na kila kiungo kama mshale. Programu ya kuchorea huzisogeza karibu kurasa zinazounganishwa sana, huziacha mbali zile zisizounganishwa, na kuukuza ukurasa unaoelekewa na nyingine nyingi. Kilichokuwa maelfu ya mistari hugeuka kuwa umbo linaloweza kujadiliwa na watu walioketi chumba kimoja.

Nairobi imekwisha kuona nguvu ya kuchora kitu ambacho watu hukipita kila siku. Mwishoni mwa 2009 Erica Hagen na Mikel Maron, pamoja na vijana wa vijiji vya Kibera, walianza kuutembea mtaa huo wakiwa na vifaa vya GPS na kuuingiza kwenye OpenStreetMap. Kabla ya hapo ramani za mtandaoni ziliionyesha Kibera kama pengo, ingawa Gatwekera, Makina, Lindi, Silanga na Laini Saba vilikuwa vimejaa maduka, zahanati, vyoo, misikiti, makanisa na shule. Mradi huo, Map Kibera, ulizaa Voice of Kibera, iliyokusanya habari za wakazi kwa kutumia programu ya Ushahidi iliyobuniwa Kenya mwaka 2008. Ukazaa pia Kibera News Network, ya video, na baadaye Open Schools Kenya, iliyoweka shule za mtaa kwenye ramani ili mzazi aweze kuzilinganisha. Mapema 2014 ukaja mchoro wa pili, Digital Matatus. Wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vikuu vya Columbia na MIT pamoja na kampuni ya Groupshot, walipanda matatu wakiwa na simu na kurekodi njia zake, kisha wakachapisha ramani ya njia zaidi ya 130. Aliyeitazama aliona mara moja kitu ambacho abiria walikuwa wakikilipia nauli kila siku: mistari mingi sana hukimbilia katikati ya jiji, na anayetoka pembe moja kwenda pembe nyingine mara nyingi hulazimika kubadilisha gari mjini.

Ramani hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya tovuti, lakini ndizo zilizowapa ujasiri watu wanaotajwa katika makala haya. Kazi inayosimuliwa hapa ilifanyika kuanzia mapema 2025, kwa tovuti ya kikundi kidogo cha vijana kinachohudumu Kibera na Kawangware. Mitaa hii miwili iko pande mbili za Barabara ya Ngong: Kibera kusini mwake, Kawangware kaskazini-magharibi. Tovuti ilikuwa na kurasa zisizofika 200, zilizoandikwa kwa miaka kadhaa na watu tofauti. Nyingine zilihusu zahanati na siku za chanjo, nyingine shule na karo, basari, vituo vya maji, mafunzo ya ufundi na nafasi za vibarua. Nyingine ziliandikwa kwa ajili ya wafadhili: ripoti za mwaka, orodha ya washirika, simulizi za mafanikio, na ukurasa wa kutoa mchango. Malalamiko yalikuwa mamoja. Mtu akitafuta jina la kikundi, tovuti ilitokea ya kwanza. Akitafuta jambo ambalo kikundi kilikuwa kimeliandikia vizuri kuliko mtu yeyote mtaani, haikuonekana kabisa.

Kukusanya viungo ndiyo sehemu nyepesi. Zipo programu zinazoitembea tovuti kama roboti ya utafutaji inavyoitembea, na kuandika kila kiungo kinapotoka, kinapokwenda na maneno yaliyobofyeka. Screaming Frog, iliyotumika hapa, ina toleo la bure la hadi anwani 500, na tovuti nyingi za vikundi vya jamii hazifiki idadi hiyo. Mambo mawili yanafaa kuangaliwa kabla ya kuiwasha. La kwanza ni bando: programu ikiachwa ipakue picha zote, gigabaiti huisha bure, na kwa kazi ya viungo picha hazihitajiki. La pili ni kuiambia ijitambulishe kama simu. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba imekamilisha kuhamia kwenye utaratibu wa kuangalia kwanza sura ya tovuti inayoonekana kwenye simu, na zipo tovuti ambazo menyu ya simu ni fupi kuliko ya kompyuta. Kiungo kilichofichwa kwenye simu hakimfai msomaji wa Kawangware, ambaye huenda hajawahi kuifungua tovuti hiyo kwenye kompyuta maishani.

Programu inayofuata viungo haiwezi kuuona ukurasa yatima, kwa sababu hakuna kiungo cha kuufikia. Kwa hiyo orodha iliyopatikana hulinganishwa na orodha kamili ya kurasa kutoka mfumo wa kuchapishia, au na faili ya ramani ya tovuti, ile ambayo Google ilianza kuipokea mwaka 2005. Tofauti ya orodha hizo mbili ndiyo mayatima. Wengi hudhani kwamba faili hiyo inatosha: ukurasa ukiorodheshwa humo, basi umepona. Faili huiambia Google kwamba ukurasa upo. Haiwezi kuiambia kwamba wenye tovuti wenyewe wanauona una maana, jambo ambalo linasemwa na viungo peke yake.

Uchoraji wenyewe ulifanywa kwa Gephi, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha teknolojia cha Compiègne, Ufaransa. Picha ya kwanza haikufaa kitu. Ilikuwa bonge jeusi la mistari, kila kitone kimefungwa na kila kingine, na hakuna aliyeweza kuelekeza kidole kwenye kitu chochote cha maana juu yake. Sababu ni menyu. Menyu ya juu na mistari ya chini hurudiwa kwenye kila ukurasa, hivyo viungo vyake kumi na kitu hugeuka kuwa maelfu, na hufunika vile vichache ambavyo mwandishi fulani aliviweka katikati ya aya akiwa na msomaji wake akilini.

Hapa ndipo kazi hii hushinda au hushindwa, na vitabu vingi vya mafunzo hupapita haraka mno. Viungo vya menyu visitupwe, vitengwe. Kwanza huchorwa picha ya viungo vyote, kwa sababu ndiyo roboti inayoiona. Kisha huchorwa ya pili, yenye viungo vya ndani ya maandishi tu. Picha hii ya pili ndiyo inayoonyesha waandishi wa tovuti walidhani wanamwandikia nani. Programu ya kukusanyia huweza kuonyesha kiungo kiko sehemu gani ya ukurasa, na isipoweza, mtu huandika orodha ya anwani zilizo kwenye menyu na kuziondoa kwa mkono katika jedwali. Ni kazi ya alasiri moja kwa tovuti ndogo, na haina njia ya mkato.

Menyu ilipoondolewa, picha ilifunguka. Katikati kulikuwa na vitone vikubwa vitatu: ukurasa wa kutoa mchango, simulizi moja ya mafanikio iliyokuwa imeandikwa kwa ajili ya mfadhili, na ripoti ya mwaka mmoja wa zamani. Karibu kila habari iliyochapishwa ilimalizika kwa kumwelekeza msomaji kwenye mchango. Kurasa za zahanati zilikuwa pembeni, ndogo, zikining'inia kwa mshale mmoja mmoja. Kurasa za basari zilikuwa yatima kwa sehemu kubwa. Zilichapishwa, zikatumwa WhatsApp wakati wa msimu wa fomu, na hakuna aliyerudi kuziunganisha. Na Kawangware ilikuwa kisiwa. Kurasa zake zilielekezana zenyewe kwa zenyewe, lakini kati yake na zile za Kibera hapakuwa na mshale hata mmoja usiopitia ukurasa wa nyumbani, hata pale ambapo jambo lilikuwa lilelile, kama vile jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Hakuna aliyekuwa amekusudia hayo. Kila kiungo, kikitazamwa peke yake, kilikuwa na sababu nzuri. Jumla yake ilikuwa tovuti iliyoelekeza nguvu zake zote kwa mtu aliye mbali na mwenye kadi ya benki, ikamwacha mzazi wa Gatina kule Kawangware na wa Sarang'ombe kule Kibera atafute mwenyewe. Tovuti nyingi za mashirika yanayohudumu katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zikitazamwa kwa makini, zina mwelekeo huohuo. Fedha za kuzitengeneza hutoka kwa mfadhili, naye ndiye anayezisoma kabla ya kutoa fungu linalofuata. Hilo linaeleweka. Halihalalishi kumsahau mkazi ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ombi la fedha.

Picha ya kompyuta haikutosha kuwashawishi wote. Skrini ni ndogo, na wasiozoea kompyuta hukaa nyuma. Kwa hiyo karatasi za manila zilibandikwa ukutani, kila ukurasa ukaandikwa kwenye kadi, na kadi zikaunganishwa kwa uzi wa sufu: mwekundu kwa viungo vya ndani ya aya, mweusi kwa vya menyu. Si kurasa zote, bali arobaini hivi zilizohusu huduma. Mhudumu wa afya ya jamii kutoka Kawangware, mama wa makamo anayeheshimiwa na vijana wote, aliombwa aoneshe njia ambayo mama mwenye mtoto wa miezi tisa angepita hadi kwenye siku za chanjo ya surua. Aliweka kidole kwenye kadi ya nyumbani, akafuata uzi hadi "Miradi Yetu", kutoka hapo hadi "Afya", kutoka hapo hadi habari ya kambi ya matibabu ya miaka iliyopita, na uzi ukaishia hapo. Kadi ya ratiba ya chanjo ilikuwa upande wa pili wa ukuta, haina uzi. Akawauliza vijana huyo mama aliyebeba mtoto mgongoni angejuaje kwamba chanjo hutafutwa chini ya miradi. Baada ya swali hilo hapakuwa tena na mjadala kama viungo ni jambo la mafundi peke yao.

Mfano uliofundisha zaidi ulihusu bima ya afya. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF. Tovuti ilikuwa na ukurasa wa zamani wa NHIF, mrefu, ulioandikwa kwa uangalifu, na katika mchoro ulikuwa mojawapo ya vitone vya afya vyenye mishale mingi, kwa kuwa kila makala ya uzazi, ya kisukari na ya kambi za matibabu iliutaja. Ukurasa mpya wa SHA, wenye maelezo ya kujisajili kwa kupiga *147#, ulikuwa na kiungo kimoja tu, kutoka kwenye orodha ya habari, na kila habari mpya ilipochapishwa kiungo hicho kilizidi kusukumwa chini. Kwa hiyo tovuti ilikuwa inaendelea kuiambia Google, na kuwaambia wasomaji, kwamba NHIF ndiyo yenye maana.

Dawa ya hali hiyo ina hatua mbili, na zote zinahitajika. Anwani ya zamani huelekezwa moja kwa moja kwenye anwani mpya, ili aliyehifadhi ile ya zamani, au anayetoka kwenye tovuti nyingine inayoielekea, asipotee. Kisha viungo vyenyewe ndani ya makala hubadilishwa kimoja kimoja vielekee ukurasa mpya, na sentensi zinazovizunguka husahihishwa. Wengi huishia hatua ya kwanza kwa sababu ni ya dakika chache. Matokeo yake ni makala inayomwambia mgonjwa alipie NHIF, halafu akibofya anapelekwa kwenye maelezo ya SHA, na anabaki hajui lipi ni kweli. Mchoro ulisaidia hapa kwa sababu ulitoa orodha ya makala zote zilizohusika. Bila orodha hiyo, mbili au tatu zingesahaulika.

Basari nazo zilihitaji fikira. Kawangware iko katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini, ambalo wodi zake ni Kilimani, Kawangware, Gatina, Kileleshwa na Kabiro. Sehemu kubwa ya Kibera iko katika eneobunge la Kibra, lenye wodi za Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley na Sarang'ombe. Mzazi anayetafuta fomu hutafuta kwa jina la wodi au la eneobunge, na tahajia hubadilika: mtaa huandikwa Kibera, eneobunge Kibra, na wakazi huandika vyovyote. Viungo vichache vilivyokuwepo vilisema "bonyeza hapa" au "soma zaidi". Maneno hayo hayamwelezi msomaji wala roboti kilicho upande wa pili. Yalibadilishwa yakawa "fomu ya basari, wodi ya Gatina" na "basari ya Kibra: tarehe ya mwisho", na wakati mwingine tahajia zote mbili zilitumiwa katika makala tofauti, bila kulazimisha. Kurudia maneno yaleyale katika kila kiungo ni kosa la upande mwingine: msomaji huchoka, na injini ya utafutaji huweza kuliona jambo hilo kuwa ujanja.

Kilichojengwa baadaye kilikuwa rahisi kuliko ilivyotazamiwa. Kila wodi ilipata ukurasa mmoja wa kitovu wenye zahanati, shule, maji na basari za hapo, na kila jambo likapata ukurasa wake unaopita wodi zote. Hivyo siku za chanjo za Lindi zilifikiwa kutoka upande wa Lindi na kutoka upande wa chanjo. Viungo kati ya kurasa za jambo moja vilikivunja kile kisiwa cha Kawangware bila kupitia ukurasa wa nyumbani. Kanuni ilikuwa kwamba ukurasa wowote wa huduma uwe umbali wa mibofyo isiyozidi mitatu kutoka mwanzo. Mitatu si sheria ya Google. Ni kipimo cha uvumilivu wa mtu mwenye simu ya bei nafuu na mtandao unaokatika. Kishawishi cha kuweka viungo vyote kwenye mistari ya chini ya kila ukurasa kilikuwepo, na kilikataliwa, kwa sababu ile ya uji: ukurasa unaoelekeza kila mahali haumwelekezi mtu popote.

Ukurasa wa mchango haukuondolewa. Ulibaki kwenye menyu, na ukaendelea kuunganishwa kutoka kwenye ripoti na simulizi, mahali ambapo msomaji wake hasa yupo. Uliondolewa mwishoni mwa makala za chanjo na basari, na nafasi yake ikachukuliwa na swali linalofuata kichwani mwa mzazi: zahanati hiyo hufunguliwa saa ngapi, au cheti kipi cha mtoto kinahitajika.

Kuhusu matokeo, ukweli unafaa kusemwa kwa kiasi chake. Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ilianza kuonyesha kurasa za wodi katika utafutaji wa majina ya wodi ndani ya miezi michache, na kurasa kadhaa zilizokuwa yatima zikaingizwa kwenye faharasa ya Google kwa mara ya kwanza. Katika muda huohuo vichwa vya kurasa viliandikwa upya na picha zikapunguzwa uzito, hivyo si haki kuvipa viungo sifa yote. Kwa maneno ambayo mashirika makubwa na magazeti ya kitaifa huyashindania, tovuti haikusogea sana, na haikutarajiwa. Tovuti ndogo haiwezi kuwashinda kwa neno "bima ya afya". Inaweza kuwashinda kwa "siku za kliniki Gatina", kwa kuwa wao hawakuandika lolote juu yake, na hapo ndipo kupanga viungo vizuri kunapolipa.

Mchoro una hatari zake. Programu inaweza kuvipanga vitone tofauti kila inapochora upya, hivyo kitone kuwa juu au chini, kushoto au kulia, hakuna maana yoyote. Ukubwa, ukaribu na mishale ndivyo vinavyosomwa. Rangi nzuri huweza kumfurahisha mtu akasahau kufungua kurasa zenyewe na kuzisoma. Kitone kidogo pia si lazima kiwe kosa. Ukurasa wa sera ya faragha unaweza kubaki mdogo milele, na tangazo la mkutano uliokwisha kupita linapaswa kufifia. Tena mchoro huzeeka upesi. Kila habari mpya huongeza mishale, kila msimu wa basari huzaa mayatima wapya, kwa hiyo kikundi kilijiwekea desturi ya kuchora upya kila robo mwaka na kuzilinganisha picha mbili zikiwa pamoja. Anayefanya hivyo huona tovuti inaelemea upande gani kabla haijaelemea sana.

Jambo jingine lilijitokeza katika kulinganisha huko. Kurasa zilizoendelea kupata viungo vya ndani bila kusukumwa na mtu zilikuwa zile zilizoandikwa na watu wanaokaa mtaani. Kijana wa Makina anayeandika juu ya bomba lililopasuka hukumbuka mwenyewe kuunganisha na ukurasa wa vituo vya maji, kwa kuwa anajua jirani yake atauliza maji yapo wapi. Mwandishi wa kukodiwa anayelipwa kwa idadi ya maneno, hata akiwa hodari, hajui swali litakalofuata. Hakuna programu inayoweza kuziba pengo hilo.

Programu zilizotajwa hapa hupatikana bure kwa tovuti ya ukubwa huu, na manila na uzi wa sufu hununuliwa dukani kwa fedha kidogo. Mashirika yanayohudumu Kibera, Kawangware na mitaa mingine ya Nairobi yachore tovuti zao kabla ya kuomba fedha za kutengeneza mpya, na wafadhili waombe kuonyeshwa mchoro huo pamoja na ripoti ya mwaka, wakiangalia kwanza ukurasa wa chanjo uko wapi.